Mlango Uliozaliwa Kiangazi

Jikoni kwetu, karibu na mlango wa nyuma, kuna kabati dogo la sabuni na vibanio vya nguo. Lina mlango mmoja, na mlango huo ndio kazi mbaya kuliko zote nilizofanya katika miaka hamsini na mmoja ya useremala. Kiangazi hunyooka kama rula. Mvua zikikaribia, kona yake ya juu huanza kuinuka taratibu, kama sikio la mbwa aliyesikia jambo, na mvua zikikolea unaweza kupitisha mkono mzima ndani ya kabati bila kugusa kitasa.

Kosa lilikuwa langu na ni la kitoto. Kila seremala hufundishwa sheria moja kabla hajaruhusiwa kushika randa: ulichoufanyia ubao mbele, ufanyie na nyuma. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, tena huvimba kwa upana, si kwa urefu. Ukiubandika vinia, yaani utando mwembamba wa mbao nzuri, upande mmoja tu, nyuzi zake zikiwa zimekingama, upande mmoja utavimba na mwingine utakataa, na katika ugomvi huo ubao mzima utapinda. Ndiyo maana tunabandika pande zote mbili, ili vinia ya mbele na ya nyuma zishikane mashati na pasiwe na mshindi.

Nilikuwa kijana mwenye sifa nyingi kuliko subira. Nilikuwa nimeahidi kumaliza kabati la harusi la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kabla ya Jumamosi, na vinia nzuri ilinitosha upande mmoja tu. Nikajiambia, nani huchungulia mgongo wa mlango? Nikabandika, nikapiga vanishi, nikapongezwa. Mvua ya kwanza iliponyesha, shemeji alitokea karakanani kwangu na mlango kwapani.

"Shemeji," alisema, "kila nikiamka, milango ya kabati inanipigia saluti. Nilikuagiza kabati au upinde?"

Mafundi wote walikuwa wanasikiliza. Tangu siku hiyo naitwa Fundi Upinde, na wapo watu wazima mtaani ambao hawajui kama nina jina lingine.

Nilimtengenezea shemeji milango mipya. Mmoja kati ya ile ya zamani niliupasua kuni. Wa pili nilikuta mke wangu ameshauchukua, ameukata upande mmoja kupata kipimo, na ameufunga kwenye kabati la jikoni kwa bisibisi yangu mwenyewe. Nilimwambia autoe. Akasema ubao ni ubao. Basi mimi nikapigilia msumari juu yake nikatundika aproni, ili wageni wasiuone. Tumeishi hivyo miaka thelathini na minane: mimi nafunika, yeye anafunua.

Mke wangu ni mtunza ghala la mbegu la ushirika wa wakulima. Ghala ni jengo refu la matofali lenye madirisha kumi na mawili ya juu, chini ya upenu, na ndani mna rafu za mitungi na vifuko vilivyoandikwa kwa mwandiko wake: jina la mbegu, aliyeileta, tarehe. Mna maharage humo yasiyouzwa dukani popote. Yalianza na bibi wa mtu, akampa binti yake, binti akampa mkwewe, mpaka yakafika mikononi mwa mke wangu. Yakiharibika hayana pa kununuliwa tena.

Adui wa mbegu ni unyevu. Hewa ikiwa kavu, madirisha yafunguliwe mbegu zipumue. Hewa ikilowa, yafungwe upesi. Kwa miaka ishirini na mitatu mke wangu amepanda ngazi ya mbao kufungua na kufunga, siku nyingine mara nne. "Magoti yangu," husema, "yamepanda mlima ambao macho hayajawahi kuuona."

Mwaka juzi, katikati ya mvua, goti la kulia lilivimba akalala siku tisa. Shemeji, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa ushirika, aliweka feni kubwa ya umeme dirishani ili kumsaidia. Nia yake ilikuwa njema. Lakini feni haijui hewa kavu wala hewa mbichi. Umeme ulipokuwepo ilivuta mvua ndani. Umeme ulipokatika ilinyamaza, dirisha likabaki wazi. Mke wangu aliporudi, alisimama mlangoni akanusa, na hakuhitaji kuambiwa. Walipoloweka mbegu mia kuzipima, zilichipua sitini na moja.

Shemeji alikuja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea.

"Dada, mimi ni mdogo wako, lakini pale ofisini mimi ni mwenyekiti. Wanachama wanataka tununue mbegu za mifuko kila msimu, ghala liwe stoo ya mbolea. Nimewaomba mwaka mmoja. Baada ya mvua zijazo tutapima tena. Zikichipua themanini na tano kati ya mia, ghala ni lako mpaka uchoke mwenyewe. Chini ya hapo, nafunga."

"Na mbegu za bibi zetu?"

"Zikishindwa kuchipua, dada, nitakuwa nafunga kaburi tu."

Mke wangu aliinuka, akajishika goti, akaenda kubandika chai. Alisimama kwenye jiko akitupa mgongo muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Mimi nilikuwa na karakana nzima ya vifaa na sikuona hata kimoja cha kumsaidia.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya jioni. Nilianza shule hiyo nikiwa na miaka sitini na minne, na sioni aibu kusema kwamba katika biolojia nilikuwa wa tatu darasani. Mwalimu wetu ni binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Nje ya darasa ananiita Babu; ndani, nikijibu kabla ya kuulizwa, ananiita "wewe wa mbele."

Jioni moja alikuja na koni mbili za msonobari, yale matunda magumu yenye magamba ambayo nimeyakanyaga kwenye maghala ya mbao maisha yangu yote bila kuyatazama. Zote mbili zilikuwa zimefunguka.

"Hii iko hai au imekufa?" aliuliza, akiinua moja.

"Imekufa!" nikajibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mambo ya mbao ni uwanja wangu.

"Basi tazameni maiti ikifanya kazi."

Akaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, akaendelea na somo. Kipindi kilipokwisha, magamba yalikuwa yamejifunga yote, yamebanana kama ngumi. Ile nyingine, iliyobaki kavu mezani, ilikuwa wazi vilevile.

"Mti unataka mbegu zake ziruke siku kavu," alisema. "Siku ya mvua unafunga mlango. Hakuna msuli hapa, hakuna damu, hakuna betri. Kila gamba lina tabaka mbili. Moja inakunywa maji na kuvimba, nyingine inakataa. Kwa hiyo gamba linapinda. Ikikauka, linarudi. Hata ukiichoma moto leo, mpaka jana yake ilikuwa bado inafanya kazi bila mshahara."

Masikio yangu yalipata moto. Nilisimama kabla sijajua nitasema nini.

"Mwalimu, hiyo ninayo jikoni kwangu."

"Una msonobari jikoni, Babu?"

"Nina mlango."

Darasa likacheka, nami nikaeleza. Nilieleza kila kitu: vinia ya upande mmoja, harusi, saluti, mpaka jina la Upinde. Sikuwahi kuyasema kwa kinywa changu mwenyewe. Mwalimu hakucheka. Aliifunga ile koni kavu kwenye karatasi akanipa.

"Kaa nayo, Babu. Kisha uniambie mlango wako unaweza kujifunza nini kutoka kwake."

Sikulala vizuri, na kesho yake asubuhi nilikuwa karakanani kabla ya jua kupanda. Wazo lilikuwa rahisi. Badala ya dirisha la kufunguliwa kwa mkono, niweke fremu yenye vibao vyembamba vya vinia, vifupi kama kiganja, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili zilizokingama, kama kosa langu la zamani. Hewa ikikauka vijipinde na kufunguka. Ikilowa vijinyooshe na kufunga. Nyuma yake wavu wa kuzuia panya. Hakuna umeme, hakuna mota, hakuna ngazi. Vinia ningeipata kwenye mabaki ambayo kila seremala huyafagia na kuyachoma.

Nilitengeneza vibao ishirini na vinne, nikavifunga kwenye dirisha moja la ghala. Kilikuwa kiangazi, vikatulia vimefungwa. Nikamwambia mke wangu asubiri aone. Wiki ya tatu kukawa na asubuhi ya manyunyu, nami nikamwita shemeji aje kushuhudia. Tulisimama chini ya upenu, watu wazima watatu, shingo juu.

Vibao vyote ishirini na vinne vilikuwa vimefunguka, vinakunywa manyunyu kwa raha zao.

Shemeji alitazama muda mrefu kwa heshima. Kisha akasema, "Shemeji, umetengeneza mlango unaomkaribisha mwizi na kumfungia mwenye nyumba."

Nikavigeuza, nje kuwa ndani. Sasa kwenye unyevu vilijikandamiza kwenye fremu vikabaki vimefungwa, na kwenye ukavu vilinyooka vikabaki vimefungwa. Nilikuwa nimetengeneza ukuta. Nilirudi nyumbani, nikaiweka ile koni ndani ya droo, na siku tatu sikwenda shule. Nilisema nina mafua.

Siku ya tatu mke wangu aliingia jikoni na beseni la nguo mbichi. Akauinua upindo wa aproni, akatazama kona ya mlango wa kabati, akaweka beseni chini.

"Sianiki leo," alisema. "Sikio limeinuka."

"Sikio gani?"

"La mlango. Likiinuka hivi, kabla ya saa saba mvua inakuja." Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi. "Kwani wewe ulidhani najuaje siku ya kuanika? Na ghalani najuaje siku ya kuwahi? Miaka yote hii naanzia hapa, ndipo niende kupanda ngazi."

Ule mlango niliokuwa nikiuficha ulikuwa umelinda maharage ya bibi zetu kwa miaka ishirini na mitatu.

Mke wangu akakaa kwenye kigoda, akanyoosha lile goti. "Fundi, hebu niambie. Mlango huu uliubandika lini?"

"Unajua lini. Wiki ya harusi."

"Harusi ilikuwa kiangazi. Vumbi mpaka kwenye keki. Na hivi vibao vyako vya ghalani?"

"Mwezi uliopita."

"Kiangazi tena." Akagonga mlango kwa kidole. "Huyu alizaliwa kiangazi, ndiyo maana kiangazi hutulia na mvua humtoa kwao. Unataka vibao vitulie mvua ikinyesha? Basi vizalie mvuani, ukavu ndio uvisumbue."

Nilimtazama mwanamke huyu ambaye hajawahi kukaa darasa la biolojia hata dakika moja.

"Haiwezekani," nikasema, maana kiburi hakifi siku moja. "Hakuna fundi anayebandika mbao zilizolowa. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema, mvua ikinyesha, noa patasi."

"Aliyekufundisha kazi alikuwa anatengeneza makabati. Wewe unatengeneza msonobari."

Muuza vifaa alinitafutia gundi ya aina inayokomaa kwa unyevu, ambayo miaka yote nilikuwa nikiipita rafuni kwa dharau. Mvua za mwanzo zilipoanza, nilifungua milango yote ya karakana nikairuhusu hewa mbichi iingie. Nililoweka vinia kwenye ndoo. Nilibandika vipande vikiwa vinachuruzika, nikavibana kwa vibano, mikono ikinata, moyo ukinisuta kama mtu anayekula mchana wa mfungo. Fundi wa jirani alisimama barabarani chini ya mwavuli.

"Upinde, leo unaoga au unafanya kazi?"

"Naogea kazini," nikamjibu. "Na wewe njoo, sabuni ipo."

Baada ya siku mbili nilitoa vibano. Vibao vilikuwa vimenyooka, katikati ya mvua, kama rula. Nilichukua kimoja nikakipeleka nyumbani, nikakiweka juu ya meza karibu na jiko lenye moto. Tulikaa tukikitazama, mimi na mke wangu. Kilianza kwa ncha. Kisha kikajikunja chote, taratibu, kama jani linaloamka. Mke wangu akakisogelea, akakipulizia pumzi ya kinywa mara nyingi, kama anayepasha mikono. Kikaanza kulala.

"Kumbe kinasikia," alisema kwa sauti ndogo.

Jioni hiyo niliitoa koni kwenye droo nikaenda nayo shule. Nilimrudishia mwalimu koni yake, na pembeni yake nikaweka kibao. Alikipitisha mkono kwa mkono mpaka dawati la mwisho, na siku hiyo kila nilipojibu kabla ya kuulizwa, alitabasamu tu.

Ilinichukua wiki saba kuyavalisha vibao madirisha yote kumi na mawili. Nisidanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Vibao kumi na saba viliachia gundi nikavibandika upya. Dirisha la nane lilikuwa linapigwa na mvua moja kwa moja, ikabidi niongeze upenu. Lakini mvua zilipokolea, ghala lilijifunga lenyewe, na siku jua lilipopenya kati ya mvua na mvua, lilijifungua. Ukisimama ndani saa nne asubuhi unasikia vibao vikilia kimoja kimoja, tak, tak, kama mtu anayealisha vidole kabla ya kuanza kazi. Umeme ulikatika mara nyingi msimu huo. Ghalani hakuna aliyejua.

Mke wangu aliendelea kwenda kila siku, lakini ngazi niliirudisha karakanani. Alikaa kwenye kiti katikati ya rafu akichambua mbegu, na kila mara aliinua macho madirishani.

Siku ya kupima, shemeji alichagua mtungi mwenyewe, tena akachagua maharage ya madoadoa, ambayo ndiyo ya zamani kuliko yote na dhaifu kuliko yote. Alihesabu mia moja, akayaviringisha kwenye kitambaa kilicholowa, akakifungia kwenye kabati la ofisi yake. Ufunguo alikaa nao. Siku ya sita tukakutana mezani kwake: yeye, mke wangu, mimi, na mwalimu ambaye nilimwomba aje kwa kuwa anajua kuhesabu bila kuwa na upande.

Kitambaa kilifunguliwa. Mikia myeupe kila mahali. Lakini macho ya mwenye shida huona anachotaka, kwa hiyo tulisubiri hesabu. Shemeji alianza kuzitenga kwa ncha ya kalamu, kwa sauti, na mwalimu akiandika. Hamsini. Sitini na moja. Hapo alitua kidogo, sote tulijua kwa nini. Sabini. Mke wangu alikuwa amenishika mkono chini ya meza, jambo ambalo hajalifanya mbele ya watu tangu tuoane. Themanini. Themanini na nne.

Shemeji akaishika mbegu inayofuata, akaigeuza, akaivuta karibu na dirisha. Mkia wake ulikuwa mdogo kama ncha ya sindano.

"Mwalimu, huu ni mkia au ni macho yangu?"

"Ni mkia," mwalimu alisema.

"Themanini na tano."

Hakuacha. Alihesabu mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa tisini na mbili. Kisha akavua miwani akaifuta, na alipoivaa tena hakuwa mwenyekiti, alikuwa mdogo wake mtu.

"Dada," alisema, "ghala lako." Akanigeukia. "Na wewe, ule mlango wa kabati langu la harusi, bado mnao? Kisheria ule ni mali yangu."

"Uliurudisha mwenyewe," mke wangu akamkata. "Mbele ya mashahidi. Tena ukamtukana fundi."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi, maana nilikuwa na machozi ya kuficha. Nilimshukuru mwalimu kwa maiti yake inayofanya kazi. Nilimshukuru shemeji kwa kutuombea mwaka mmoja, na hata kwa jina. Mke wangu sikumshukuru pale. Deni la miaka thelathini na minane halilipwi kwenye ofisi ya mtu.

Tulipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja jikoni. Nikaiondoa aproni. Nikachukua koleo nikauchomoa ule msumari, na tundu lake sikuliziba. Mlango ulikuwa umeinua kona, wazi mbele ya kila atakayeingia.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na beseni la nguo.

"Haya, fundi," alisema. "Nianike au nisianike?"

Niliutazama kwa makini, kama mwanafunzi.

"Usianike," nikasema, nikalipokea beseni mikononi mwake.